Gemu Zisizoisha: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila kampuni kubwa inapofunga studio au kuzima seva, maswali huwa ni yale yale. Tumeyakusanya hapa. Mengine yamehitaji maelezo marefu, mengine mistari michache tu.

Gemu za huduma ni zipi hasa?

Ni gemu ambazo kampuni haimalizani na wewe siku ya kununua. Gemu inaishi kwenye seva za kampuni, inaletewa apdeti kila baada ya wiki kadhaa, inaenda kwa misimu, na ndani yake kuna duka la skini (mavazi na mapambo ya wahusika), silaha, wachezaji au pasi ya msimu. Fortnite, Free Fire, PUBG Mobile, eFootball na Destiny 2 ni za namna hiyo. Nyingi hupakuliwa bure. Gemu ya mchezaji mmoja ni kama God of War au The Legend of Zelda: unalipa, unacheza hadithi mpaka mwisho, halafu unamwazima rafiki diski.

Mpaka kati ya aina hizi mbili haujanyooka. GTA V ilitoka mwaka 2013 na hadithi kamili ya wahusika watatu, lakini kilichoiweka hai miaka yote hii ni GTA Online. Mwishoni mwa 2013 Rockstar, watengenezaji wake, walisema wataongeza sura mpya za hadithi mwaka uliofuata. Hazikuja mpaka leo, na ukiangalia Online inavyoingiza pesa huhitaji kuuliza kwa nini.

Ni kweli kampuni zinazipendelea, au ni malalamiko ya mashabiki tu?

Ni kweli, na wenyewe wamesema hadharani mbele ya wawekezaji. Mei 2022 Sony walieleza kwamba ifikapo Machi 2026 watakuwa na gemu za huduma 12. Mwaka huohuo wakamaliza kuinunua Bungie, wenye Destiny, kwa dola bilioni 3.6. Sony hawa ndio waliojijengea jina kwa God of War, Uncharted na The Last of Us, kwa hiyo mshtuko wa mashabiki ulikuwa na sababu.

EA, wachapishaji wa gemu ya mpira ya FIFA, walitangulia. Oktoba 2017 waliifunga Visceral, studio iliyotengeneza Dead Space, ikiwa katikati ya gemu ya hadithi ya Star Wars. Maelezo yao yalikuwa kwamba soko limebadilika na wanataka kitu ambacho wachezaji watakirudia kwa muda mrefu.

Pesa yenyewe iko wapi?

Anza na Fortnite. Nyaraka zilizotolewa kwenye kesi ya Epic Games, wenye Fortnite, dhidi ya Apple zilionyesha kwamba gemu hiyo, ambayo kuicheza ni bure, iliingiza zaidi ya dola bilioni 9 ndani ya miaka miwili, 2018 na 2019. Bosi wa kampuni nyingine akisoma namba hiyo hawezi kulala. EA nao, sehemu kubwa ya mapato yao haitoki kwenye kuuza gemu mpya. Inatoka kwenye huduma, na mhimili wake ni Ultimate Team, sehemu ya kujenga timu kwa pakiti za wachezaji, ndani ya FIFA, ambayo tangu 2023 inaitwa EA Sports FC.

Sasa tazama upande wa gharama. Nyaraka za mahakama nchini Marekani mwaka 2023 zilionyesha kwamba The Last of Us Part II iligharimu takriban dola milioni 220. Data zilizoibwa na wadukuzi kutoka studio ya Insomniac mwishoni mwa mwaka huo zilionyesha bajeti ya Spider-Man 2 ikikaribia dola milioni 300. Gemu kama hizo huuzwa dola 70 na maduka hukata sehemu yao kabla pesa haijamfikia mchapishaji. Lazima ziuzwe nakala milioni kadhaa ili kurudisha gharama tu. Zaidi ya hapo, mauzo yake huja kwa mkupuo wiki za mwanzo kisha yanashuka, halafu studio inarudi chini ya ardhi miaka mitano ikila mishahara bila kuleta kitu kipya. Kampuni iliyo kwenye soko la hisa hutoa hesabu kila miezi mitatu. Miaka mitano ya ukimya ni mirefu sana kwa mwenye hisa.

Kuna jambo la tatu ambalo halisemwi sana. Mnunuzi wa gemu ya hadithi ana dari: akishatoa dola 70, labda na 30 za sura ya nyongeza, umemaliza naye. Kwenye gemu ya huduma dari hiyo haipo. Wengi hawatoi hata senti, lakini wachache hutoa mamia au maelfu ya dola, na hao wachache ndio wanaolipia karamu. Kwa maoni yetu hiki ndicho kiini cha mambo yote. Kampuni haikimbii gemu za hadithi kwa sababu zina hasara. Inazikimbia kwa sababu faida yake ina mwisho unaojulikana.

Kwa hiyo gemu za mchezaji mmoja bado zinalipa?

Zinalipa sana. Tears of the Kingdom ya Nintendo iliuza nakala milioni 10 kwa siku tatu, Mei 2023. Black Myth: Wukong, kazi ya studio ya Kichina Game Science, ilifanya hivyohivyo Agosti 2024. Elden Ring imepita nakala milioni 25. Baldur's Gate 3, ambayo unaweza kuicheza peke yako au na marafiki na haina duka la skini ndani, ndiyo iliyotwaa tuzo ya gemu bora ya mwaka 2023 kwenye The Game Awards. Mwaka 2025 tuzo hiyo ikaenda kwa Clair Obscur: Expedition 33, ya studio changa ya Montpellier, Ufaransa, iliyouza gemu yake kwa dola 50 tu.

Kisa kinachochekesha zaidi, kama unaweza kuucheka msiba, ni cha Warner Bros. Mwaka 2023 Hogwarts Legacy, gemu ya mchezaji mmoja isiyo na mtandao kabisa, iliuza nakala zaidi ya milioni 22. Februari 2024 kampuni hiyohiyo ikatoa Suicide Squad: Kill the Justice League, gemu ya huduma iliyotengenezwa na Rocksteady, watu waliotupa mfululizo wa Batman: Arkham. Ikawapa hasara ya dola milioni 200 kwenye vitabu. Machi 2024, mkuu wa kitengo cha gemu akawaambia wawekezaji kwamba mpango ni kuzidisha gemu za huduma na za simu, kwa sababu soko la gemu kubwa za konsoli linayumba. Yaani aliyeuza milioni 22 ndiye aliyeambiwa abadilike.

Concord ilikuwaje mpaka ikafa haraka vile?

Concord ilikuwa gemu ya kufyatuliana risasi, watano kwa watano, kila mchezaji akichagua mhusika mwenye uwezo wake. Ilitengenezwa na Firewalk, studio ambayo Sony waliinunua Aprili 2023. Ilitoka tarehe 23 Agosti 2024 kwenye PS5 na PC, bei dola 40.

Siku ya kwanza Steam, duka la gemu za PC, ilionyesha kwamba kilele cha watu waliokuwa wakiicheza kwa wakati mmoja hakikufika hata 700. Gemu ya namna hii bila watu haichezeki, maana unakaa kwenye foleni ukisubiri wapinzani ambao hawapo. Tarehe 3 Septemba Sony wakatangaza kuizima, na tarehe 6 seva zikazimwa. Wote walionunua wakarudishiwa pesa. Mwisho wa Oktoba studio yenyewe ikafungwa.

Watu wengi huilaumu sura ya wahusika, na kweli hawakuwa na mvuto. Lakini tatizo kubwa lilikuwa hesabu. Overwatch 2, Valorant na Apex Legends zote ni bure. Concord ikaja baada yao, ikataka dola 40, na haikuwa na kitu ambacho hizo hazina. Waliocheza walisema ufyatuaji wenyewe ulikuwa mzuri tu, jambo linalouma zaidi: watu walifanya kazi ya miaka na ikafutwa ndani ya wiki mbili. Gemu ya hadithi ikifeli hubaki dukani, inashushwa bei, na kuna mtu atakayeigundua baada ya miaka mitatu na kuipenda. Concord hata hiyo nafasi haikupata.

Mbona nyingi zinakufa wakati zile kubwa haziguswi?

Kwa sababu zinagombania saa, na saa haziongezeki. Angalia umri wa zinazotawala: Roblox 2006, League of Legends 2009, Fortnite 2017. Mtu ameweka humo miaka, skini alizonunua na marafiki anaocheza nao. Shabiki wa Simba hahamii Yanga kwa sababu jezi ya msimu huu imependeza.

Orodha ya waliojaribu ni ndefu. Babylon's Fall ya Square Enix haikumaliza mwaka. Hyenas ya Sega ilifutwa Septemba 2023 kabla hata ya kutoka. XDefiant ya Ubisoft ilifunguliwa Mei 2024 na kuzimwa Juni 2025. MultiVersus ya Warner ilizimwa Mei 2025.

Helldivers 2 je? Si ya huduma na bado inapendwa?

Ndiyo, na ni mfano muhimu kwa sababu hatusemi kwamba aina yote ni mbaya. Arrowhead ya Sweden waliitoa Februari 2024 kwa dola 40, na nakala milioni 12 ziliuzwa kwa wiki 12. Watu wanne wanaua wadudu, wanacheka, wanauana kwa bahati mbaya, wanarudi kazini. Sarafu ya dukani unaweza kuiokota ukicheza, na pasi uliyonunua haikuharibikii msimu ukiisha.

Sisi huku tunaikumbuka kwa jingine. Mei 2024 Sony walitangaza kwamba wanaocheza kwenye Steam lazima waunganishe akaunti ya PSN, mtandao wa PlayStation. PSN haipo rasmi kwenye nchi nyingi duniani. Oman imo kwenye orodha ya nchi inakopatikana, lakini Kenya, Tanzania na Uganda hazimo. Ndiyo maana akaunti nyingi za PlayStation za huku kwetu zimesajiliwa kana kwamba mwenyewe anaishi Marekani au Uingereza. Gemu ikaondolewa kwenye duka la Steam katika nchi zaidi ya 170. Wachezaji wakaiporomoshea tathmini mbaya mamia kwa maelfu, na ndani ya siku chache Sony wakarudi nyuma. Ndivyo ilivyo kucheza kwenye seva ya kampuni: masharti hubadilika baada ya wewe kulipa.

Studio zilizozoea hadithi zinaathirika vipi?

Vibaya. BioWare, wenye Mass Effect na Dragon Age, walitumwa kutengeneza Anthem, gemu ya mtandaoni iliyotoka Februari 2019 ikiwa haijaiva; seva zake zilipangiwa kuzimwa Januari 2026. Dragon Age iliyofuata ilianza kama gemu ya mchezaji mmoja, ikageuzwa ya wachezaji wengi, kisha ikarudishwa tena ya mchezaji mmoja. Ilipotoka Oktoba 2024 kwa jina The Veilguard ilipata wachezaji milioni 1.5, karibu nusu ya matarajio ya EA. Mkurugenzi mkuu Andrew Wilson akaeleza kwamba wachezaji siku hizi wanatafuta vipengele vya kucheza pamoja. Alisahau, au aliona si muhimu, kwamba kampuni yake iliuza mamilioni ya Star Wars Jedi: Fallen Order mwaka 2019, na ile haikuwa na hata chembe ya mtandao.

Arkane Austin walikuwa wametengeneza Prey, mojawapo ya gemu za peke yako zilizofikiriwa vizuri zaidi muongo uliopita. Baadaye wakatoa Redfall, gemu ya ushirikiano iliyodai intaneti muda wote. Mei 2024 Microsoft wakaifunga studio.

Naughty Dog walichagua njia nyingine. Desemba 2023 waliifuta The Last of Us Online baada ya miaka ya kazi na wakaeleza waziwazi: kuiendesha kungemeza studio nzima kwa miaka, na gemu za hadithi zingeachwa. Uamuzi ule uliuma, na ulikuwa sahihi.

Seva zikizimwa, pesa yangu inakwenda wapi?

Mara nyingi haiendi popote, imeshaliwa. Concord walirudisha kwa sababu ilidumu siku 14 na aibu ilikuwa kubwa mno. The Crew ya Ubisoft, gemu ya magari ya mwaka 2014, ilizimwa tarehe 31 Machi 2024, na baada ya hapo Ubisoft wakaanza kuiondoa hata kwenye maktaba za walioinunua. Ilikuwa na sehemu kubwa ya kuendesha peke yako, lakini bila seva haikuwaka.

Kutokana na hilo, Ross Scott, anayetengeneza video za gemu huko YouTube, alianzisha kampeni ya Stop Killing Games. Haidai seva ziendeshwe milele. Inadai kwamba kampuni ikiondoka iiache gemu katika hali inayochezeka. Kufikia Julai 2025 ombi lao kwa Umoja wa Ulaya lilikuwa limepita saini milioni moja. California nayo imetunga sheria, iliyoanza kutumika Januari 2025, inayolazimisha maduka ya kidijitali kumweleza mteja kwamba anapata leseni ya kutumia, si umiliki.

Kwamba jambo hili linawezekana kiufundi halina ubishi. Redfall na Suicide Squad zote mbili zilipewa njia ya kuchezwa bila intaneti zilipofikia mwisho. Ni suala la kutaka.

Haya yote yanamhusu vipi mtu wa Dar, Mombasa au Kampala?

Kwanza, bando. Gemu ya huduma hudai apdeti za gigabaiti kadhaa hata wiki ambayo hukucheza, na usipoishusha huingii. Pili, umbali: kwa gemu nyingi seva ya karibu iko Afrika Kusini, Ghuba au Ulaya, na unapigwa risasi wakati ulikuwa umeshajificha. Tatu, umeme ukikatika katikati ya mechi ya mashindano unaadhibiwa kwa kutoroka.

Lakini athari kubwa tunaiona kwenye vibanda vya gemu. Kibanda kinaishi kwa pedi mbili, skrini moja na FIFA, jina ambalo hakuna aliyeacha kulitumia. Wawili wanakaa bega kwa bega, anayefungwa anampisha mwingine au analipa. Haihitaji intaneti wala akaunti. Ultimate Team, sehemu inayowapa EA pesa nyingi, haina kazi pale, kwa sababu ni ya akaunti binafsi na mtandao. Kwa hiyo tunachokitumia sisi zaidi ndicho ambacho kampuni ina sababu ndogo zaidi ya kukitunza. Kwa sasa kipo kila mwaka. Tungekuwa wamiliki wa kibanda, tungesoma nyuma ya boksi la kila toleo kuona kama bado kipo.

Biashara ya diski za mkononi nayo inategemea gemu za hadithi. Mtu anamaliza Spider-Man, anaiuza, anaongeza kidogo na kuchukua nyingine. Skini ya Fortnite huwezi kumuuzia mtu Kariakoo.

Mwanangu anaomba pesa za gemu kila wiki. Ni kamari?

Inategemea anachonunua. Skini yenye bei inayoonekana ni ununuzi wa kawaida, hata kama ni wa kipuuzi. Boksi au pakiti ambayo hujui ndani yake kuna nini ni jambo jingine. Mwaka 2018 Ubelgiji iliamua kwamba maboksi ya bahati yanayolipiwa yanavunja sheria zake za kamari. Na Desemba 2022 Epic walikubali kulipa dola milioni 520 kumaliza mashtaka ya mamlaka ya biashara ya Marekani. Sehemu yake, milioni 245, ilikuwa ya kuwarudishia wateja waliovutwa na vitufe vilivyopangwa ili mtu anunue bila kukusudia.

Kwa vitendo: ondoa namba ya kadi au ya pesa za simu kwenye kifaa anachotumia mtoto, na weka nywila kwa kila ununuzi. Ukitaka kumpa, mpe kiasi maalumu kwa kadi ya zawadi.

Je, upepo unageuka?

Kidogo. Novemba 2023 Sony walipunguza lengo la gemu 12 hadi 6, na Januari 2025 walifuta miradi mingine miwili, ya studio za Bend na Bluepoint. Hawajaacha, wamepunguza kasi. Kwa EA, Septemba 2025 yalitangazwa makubaliano ya kuinunua kwa dola bilioni 55, wanunuzi wakiongozwa na mfuko wa uwekezaji wa Saudi Arabia, na sehemu ya pesa hizo ni mkopo mkubwa. Anayelipa mkopo hapendi kusubiri hadithi kwa miaka sita. Tusishangae wakibana zaidi kwenye mpira.

Nikinunua diski nipo salama?

Salama zaidi, si salama kabisa. Soma nyuma ya boksi: kama limeandika kwamba intaneti inahitajika, diski yako ni ufunguo tu. Ukinunua ya mkononi, mwambie muuzaji azime Wi-Fi kwanza kisha aifungue mbele yako mpaka uanze kucheza. Ikikwama kwenye kuingia akaunti, irudishe. Kwenye Nintendo Switch 2 kuna kadi ambazo ndani yake hamna gemu, lazima uipakue yote baada ya kuichomeka. Alama yake imechapishwa chini ya jalada la mbele, itafute kabla hujatoa pesa.